Mkufunzi na Kalamu ya Mwanafunzi: Uhakiki wa Kazi ya Vituo vya Uandishi katika Vyuo Vikuu

Utangulizi

Yanapotajwa maneno "utamaduni wa taifa", wengi wetu hufikiri mara moja juu ya ngoma, mavazi, vinyago na hadithi za kale. Hayo yote ni utamaduni, wala hatuna nia ya kuyapunguzia heshima yake. Lakini utamaduni ni pia namna watu wanavyorithishana ujuzi: namna fundi wa jahazi anavyomlea mwanagenzi wake, namna kungwi anavyomfunda mwali, na namna malenga anavyompokea kijana aliyemletea ubeti wake wa kwanza. Anayetaka kulijua taifa asitazame tu vitu linavyovitengeneza. Atazame pia jinsi linavyowafundisha vijana wake kuvitengeneza.

Katika makala haya tumekusudia kuhakiki namna moja ya urithishaji huo, ambayo haikuzaliwa kwetu, lakini ambayo ina mengi ya kutufunza na machache ya kutuonya. Namna hiyo ni kituo cha uandishi cha chuo kikuu, na hasa watu wanaofanya kazi ndani yake. Kituo cha uandishi ni mahali ambapo mwanafunzi huja na insha, ripoti au tasnifu yake ambayo haijakamilika, akaketi na mtu mmoja, wakaisoma na kuizungumza kwa muda wa nusu saa au saa moja. Mtu huyo si mwalimu wake wa somo, wala siye atakayempa alama. Sisi tutamwita mkufunzi wa uandishi, ingawa twafahamu kwamba nchini mwetu jina la mkufunzi limezoeleka zaidi kwa walimu wa vyuo vya ualimu.

Msomaji aweza kuuliza: mtunzi wa mashairi na mtumishi wa serikali, ambaye masomo yake yalikomea shule ya sekondari, ana lipi la kusema juu ya mambo ya vyuo vikuu? Jibu letu ni kwamba swali kubwa la kazi hii halikai chuoni peke yake. Mkuu wa ofisi anayepitia barua ya karani mpya, malenga anayesoma shairi la kijana, na profesa anayepitia tasnifu, wote watatu hukutana na swali moja: kalamu hii niishike mimi, au nimwachie mwenyewe? Nasi tumekaa na swali hilo miaka mingi, mezani ofisini na mkekani katika utunzi.

Asili ya vituo hivi

Vituo vya uandishi vilianzia Marekani. Katika miaka ya 1930 baadhi ya vyuo vikuu vya nchi hiyo, kama Iowa na Minnesota, vilikuwa na vyumba vilivyoitwa maabara za uandishi, ambamo wanafunzi waliandika huku mwalimu akipita kati yao na kuwasaidia mmoja mmoja. Kwa muda mrefu vyumba hivyo vilihesabiwa kuwa mahali pa wanafunzi dhaifu. Aliyetumwa huko alitumwa kama mgonjwa anavyotumwa zahanati.

Jambo lililoipa kazi hii uzito mpya lilitokea katika jiji la New York. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji hilo kilifungua milango yake kwa kila kijana wa jiji aliyehitimu shule ya sekondari. Waliingia kwa maelfu vijana ambao wazazi wao hawakupata kuota kukanyaga chuo: Wamarekani Weusi, watu wenye asili ya Puerto Rico, watoto wa wahamiaji na wa wafanyakazi wa viwandani. Walipoandika insha zao za kwanza, walimu wengi walishika vichwa. Wako waliosema kwamba vijana hao hawafundishiki.

Mwalimu mmoja, Mina Shaughnessy, hakukubaliana nao. Alikusanya insha zipatazo 4,000, zilizoandikwa na wanafunzi waliokuwa wakiingia chuoni kati ya mwaka 1970 na 1974, akazisoma kwa makini ya mtu anayesoma diwani ya malenga mkubwa. Kitabu alichokitoa mwaka 1977 kilionyesha kwamba makosa ya vijana wale hayakuwa fujo. Yalikuwa na mantiki yake. Mwanafunzi alikosea kwa sababu alikuwa mgeni katika lugha ya maandishi, akijaribu kukisia sheria ambazo hakuna aliyewahi kumwambia. Shaughnessy alifariki mwaka 1978, lakini somo lake halijachakaa: kosa la mwanafunzi ni alama ya njia anayoifuata akilini, na mwalimu mwenye busara huisoma alama hiyo kabla ya kuifuta.

Katika jiji lilo hilo, kwenye Chuo cha Brooklyn, Kenneth Bruffee alitazama jambo jingine. Wanafunzi waliohitaji msaada walikuwa wakiukwepa msaada uliotolewa na walimu, kwani waliuona kuwa ni darasa lile lile lililowashinda. Lakini kwa mwanafunzi mwenzao walikwenda. Bruffee akawafundisha wanafunzi wenyewe kuwa wakufunzi wa wenzao, na katika insha yake ya mwaka 1984 alieleza kwa nini: kuandika, kwa maoni yake, ni mazungumzo yaliyohamia kwenye karatasi, na asiyepata mtu wa kuzungumza naye hawezi kuyahamishia huko. Mwaka 1976 Muriel Harris alianzisha maabara ya uandishi katika Chuo Kikuu cha Purdue, na mwaka uliofuata akaanza kutoa jarida dogo la kuwaunganisha watu wa kazi hii, ambao hadi wakati huo kila mmoja alikuwa akihangaika peke yake chuoni kwake.

Watumishi wa kituo

Ni akina nani hasa hao wanaoketi katika vituo hivi? Yuko mkurugenzi, ambaye huwachagua na kuwafunza wakufunzi, na kugombania fedha kwa wakubwa wa chuo. Yuko wa mapokezi, ambaye huandika miadi. Mtu huyu asidharauliwe, kwani mwanafunzi aliyekuja na haya zake na karatasi yake imekunjwa mara nne, akipokewa kwa uso wa ukali hurudi alikotoka. Kisha wako wakufunzi wenyewe, ambao aghalabu ni wanafunzi wanaolipwa kwa saa.

Hadhi ya watu hawa ni ndogo kuliko kazi yao. Wakurugenzi wengi huko Marekani hawana nafasi ya kudumu kama maprofesa wenzao, na fedha za chuo zinapopungua, kituo huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kupunguzwa. Sababu yake si ngumu kuiona. Kazi ya mkufunzi haiachi kitu cha kuonyesha. Mwenye kuandika kitabu ana kitabu chake. Mkufunzi akifanya kazi yake vizuri, kinachobaki ni insha yenye jina la mtu mwingine. Sisi tuliozoea ofisi tunaifahamu hali hiyo, maana barua nzuri hutoka na sahihi ya mkubwa, na aliyeifinyanga hatajwi. Lakini taifa lisiloheshimu kazi isiyo na jina litajikuta lina majina mengi na kazi chache.

Sheria ya kutoshika kalamu

Mwaka 1984 Stephen North, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Albany, alichapisha insha ambayo hadi leo husomwa na karibu kila anayeingia katika kazi hii. Aliiandika kwa hasira. Aliwakasirikia wahadhiri wenzake waliodhani kwamba kituo ni mahali pa kupeleka insha ili zikafuliwe na kupigwa pasi. La hasha, alisema. Kazi ya mkufunzi ni kumbadili mwandishi, si kuibadili karatasi. Insha itapewa alama na kusahauliwa, lakini mwandishi ataandika nyingine kesho.

Fikra hiyo ilizaa sheria za utendaji. Mwaka 1991 Jeff Brooks alitoa maagizo mafupi ambayo wakufunzi wengi waliyashika kama amri. Keti kando ya mwanafunzi, wala usimkabili ng'ambo ya meza kama hakimu. Karatasi iwe karibu naye kuliko ilivyo karibu nawe. Mwache aisome mwenyewe kwa sauti, maana sikio lake litamwonyesha mengi. Ikiwa unatumia mkono wa kulia, keti kulia kwake, ili iwe vigumu kuandika juu ya karatasi yake. Na bora zaidi, usiwe na kalamu kabisa.

Maagizo haya ni mazuri, na yafaa yasomwe na kila mwalimu wa nchi yetu. Nani kati yetu hajapata kuona daftari la mtoto lililojaa wino mwekundu hata maandishi yake mwenyewe hayaonekani? Kalamu ya mwalimu ikizidi, mtoto hujifunza jambo moja tu, kwamba lugha si yake. Tena kuna suala la uaminifu. Kijana akisifiwa kwa sentensi ambayo hakuiandika, amefundishwa kuiba kabla hajafundishwa kuandika.

Kasoro ya ukimya

Hata hivyo, uhakiki haukomi kwenye sifa. Sheria ya kutoshika kalamu, ilipopita katika mikono ya watu wengi, iligeuka mara nyingi kuwa sheria ya kutofungua kinywa. Mkufunzi akaogopa kusema lolote asije akaonekana anamwandikia mwenziwe. Kila alichoulizwa alikijibu kwa swali. Hapa ndipo tunapotofautiana na wafuasi wa sheria hiyo, nasi tutaeleza kwa mfano ulio karibu na jikoni kwetu.

Tumchukue kijana wa kidato cha pili aliyeambiwa atunge shairi lenye mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane ukwapi na nane utao. Ameleta mshororo huu:

Mvua imenyesha shambani, wakulima wafurahia.

Mwenye sikio la ushairi husikia mara moja kwamba mshororo umefurika: ukwapi una mizani kumi, na utao mizani tisa. Sasa tumweke kijana huyu mbele ya watu watatu.

Wa kwanza ni msahihishaji. Anachukua kalamu, anakata, anaandika: "Mvua tele shambani, wakulima wafurahi." Mizani imetimia, na shairi limenyooka. Kijana anashukuru na kuondoka, na kesho ataleta mshororo mwingine wa mizani kumi, kwa sababu hakuambiwa mizani ni nini.

Wa pili ni mkufunzi mkimya. Anauliza: "Wewe mwenyewe unauonaje mshororo huu?" Kijana anajibu: "Nauona mzuri." "Je, kuna mahali ungependa kupabadilisha?" "Hapana." Mkufunzi anatabasamu kwa upole, naye kijana anaondoka kama alivyokuja. Hakuibiwa kitu, lakini pia hakupewa kitu.

Wa tatu anasema: "Hesabu mizani kwa vidole vyako. Herufi m ya 'mvua' ihesabu peke yake, maana ina pumzi yake." Kijana anahesabu, anapata kumi. "Sheria yataka nane. Katika ukwapi huu, neno lipi linaweza kuondoka bila maana kuondoka nalo? Na huku mwisho, 'wafurahia' nini? Kitenzi hicho chadai kitu baada yake." Akishasema hayo, anakaa kimya na kumwachia kalamu. Baada ya muda kijana anaandika: "Imenyesha mashambani, wakulima wafurahi." Ameiacha mvua, kwa kuwa kila msomaji anaijua inyeshayo. Jambo hilo halikumjia msahihishaji wa kwanza pamoja na ujuzi wake wote.

Tofauti ya wa pili na wa tatu haiko katika kalamu, kwani wote wawili hawakuishika. Iko katika elimu. Wa tatu aliitoa elimu yake mezani, waziwazi, bila haya. Kisha akamwachia mwenziwe uamuzi. Wa pili aliificha elimu yake akiita tendo hilo heshima.

Hatuko peke yetu katika maoni haya. Mwaka 1988 Lisa Delpit, mwalimu Mmarekani Mweusi, aliandika juu ya walimu wenye nia njema ambao hawakutaka kuwaambia watoto sheria za lugha ya wenye madaraka, wakiogopa kuwakandamiza. Alisema kwamba watoto wa wenye madaraka hawahitaji kuambiwa, kwani wamezinyonya sheria hizo nyumbani. Anayeumizwa na ukimya wa mwalimu ni mtoto ambaye nyumbani kwao sheria hizo hazipo. Mwaka 1995 Linda Shamoon na Deborah Burns waliandika katika jarida la vituo vya uandishi kwamba mafundi wa muziki na wa uchoraji hawafundishi kwa kuuliza maswali tu. Bingwa hupiga ala mbele ya mwanafunzi, humshika mkono, humwambia "fanya hivi", na mwanafunzi hatoki hapo akiwa mtumwa bali hutoka ameona njia. North mwenyewe, miaka kumi baada ya insha yake, aliirudia mwaka 1994 na kueleza kwamba picha aliyoichora ilipendeza kuliko hali halisi. Ni heshima kubwa kwa mwanachuoni kuihakiki kazi yake iliyompa jina.

Katika ushairi wetu upo ushahidi ulio bora kuliko wa ng'ambo. Zamani sheria za utunzi zilikaa vifuani mwa malenga, na aliyezitaka alihitaji kuketi karibu nao. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mbali kabisa na pwani, alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Tangu hapo kijana wa bara, asiye na babu malenga, aliweza kuzisoma vina na mizani kwa shilingi chache na kujitia uwanjani. Wako waliobishana naye baadaye juu ya sheria hizo, wakataka mashairi yasiyofungwa na vina. Lakini hata wao walizijua walizozikataa, kwa sababu zilikuwa zimewekwa wazi. Mtu hawezi kuvunja kwa hiari mlango asiojua ulipo.

Lugha ya nani?

Swali la pili ambalo kituo cha uandishi hakiwezi kulikwepa ni hili: mkufunzi anailinda lugha ya nani? Mwaka 1974 chama cha walimu wa uandishi wa vyuo vya Marekani kilipitisha azimio la kutambua haki ya mwanafunzi kuwa na lugha yake mwenyewe, yaani lahaja aliyolelewa nayo. Azimio hilo lilikuwa la utu. Lakini insha za mitihani ziliendelea kupimwa kwa Kiingereza cha wakubwa, na mkufunzi akabaki katikati, mkono mmoja ameshika azimio na mkono mwingine ameshika masharti ya mtihani.

Katika Afrika ya Kusini swali hilo lilikuwa zito zaidi. Vyuo vikuu vya Cape Town, Western Cape na Witwatersrand vilianzisha vituo vyao katika miaka ya 1990, wakati ubaguzi wa rangi ulipokuwa ukiondoka katika sheria. Wanafunzi wengi waliovijia vituo hivyo walitoka katika shule zilizoharibiwa kwa makusudi na sheria ya elimu ya Wabantu ya mwaka 1953, na Kiingereza kwao kilikuwa lugha ya pili, ya tatu au ya nne. Mkufunzi wa huko hakuweza kujidanganya kwamba anafundisha nukta na mkato tu. Kila sentensi iliyonyooka ilikuwa sehemu ya haki iliyocheleweshwa.

Na sisi je? Ilipoundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki mwaka 1930, moja ya kazi zake ilikuwa kupitia miswada ya vitabu vya Kiswahili vya shule na kuiidhinisha kabla haijachapishwa. Walioiongoza hapo mwanzo walikuwa maafisa na wamisionari wa Kizungu. Hatukatai kwamba kazi yao ilisaidia kutupatia Kiswahili Sanifu, ambacho kimeliunganisha taifa letu kuliko silaha yoyote. Lakini tazama jinsi mambo yalivyokuwa: mwenye lugha aliandika, na mgeni akashika kalamu ya kumwidhinisha. Ndiyo maana ilikuwa na maana kubwa kwamba mwaka 1964 kazi ya Kamati hiyo ilihamia katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1967 tukaunda Baraza letu la Kiswahili la Taifa. Hapo kalamu ilirudi mkononi mwa mwenyewe.

Fundisho tunalolichukua ni kwamba mkufunzi mwema humwambia mwanafunzi mambo mawili bila kuyachanganya. Kwanza: "Hivi usemavyo ni sahihi kwenu, wala usivionee haya." Pili: "Katika maandishi ya shule na ofisi hutumika namna hii, na sababu zake ni hizi." Anayesema la kwanza tu humwacha kijana nje ya mlango. Anayesema la pili tu humwingiza ndani akiwa amemwacha mamaye nje. Jambo hili lawahusu walimu wetu mara mbili, kwa kuwa mwanafunzi wa sekondari huandika Kiswahili katika somo moja na Kiingereza katika masomo mengi, huku labda nyumbani akisema Kisukuma, Kihaya au Kimakonde.

Mashine inayoshika kalamu yote

Hatuwezi kufunga uhakiki huu bila kutaja jambo jipya. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimewafikia watu wote programu za kompyuta ambazo, zikiulizwa kwa maneno machache, huandika insha nzima kabla maji ya chai hayajachemka. Wako wanaosema kwamba sasa kituo cha uandishi kimekwisha kazi.

Sisi twaona kinyume chake. Mashine hiyo, ikitumiwa hivyo, ni yule msahihishaji wetu wa kwanza aliyepewa mikono elfu. Inaibadili karatasi na kumwacha mwandishi vile vile alivyokuwa. Kama North alikuwa na haki kusema kwamba kinachojengwa ni mtu, basi mtu wa kuketi na mtu anahitajika leo kuliko jana. Kijana huandika ili ajue anafikiri nini. Akimpa mwingine aandike, amempa mwingine afikiri. Tena mkufunzi mkimya hana nguvu mbele ya mashine hiyo. Kijana aliyeulizwa maswali saa nzima asipewe jibu lolote ataiendea mashine inayompa majibu yote. Mkufunzi aliye tayari kutoa elimu yake ndiye peke yake anayeweza kumrudisha.

Lililo mikononi mwetu

Msomaji asidhani kwamba jambo hili lahitaji jengo, fedha za wafadhili na vyombo vya gharama. Walimu wetu wana madarasa makubwa, na hakuna mwalimu awezaye kuketi na kila mwanafunzi. Lakini yale aliyoyagundua Bruffee hayana gharama. Shule yenye kidato cha tano na sita inao wakufunzi tayari. Wachaguliwe vijana wachache, wasiwe lazima wale wa kwanza darasani, maana aliyepata kuhangaika na jambo ndiye mara nyingi ajuaye kulieleza. Watengewe alasiri mbili kwa juma, na benchi kivulini au kona ya maktaba. Mwalimu mmoja wa lugha awe mlezi wao, na awafunze mambo manne.

Kwanza, mwenye insha aisome mwenyewe kwa sauti. Pili, mkufunzi aanze na maana kabla ya tahajia: unataka kusema nini, na unamwambia nani? Tatu, palipo na sheria aitaje wazi, aieleze, na aonyeshe mfano ulio mbali kidogo na insha ile. Nne, akishaonyesha, aweke mikono mapajani na kungoja. Kungoja huko ndiyo kazi ngumu kuliko zote, nasi twawaomba walimu wasiidharau.

Na kwa mwanafunzi tuna neno moja. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Insha yako mbaya ikikaa ndani ya daftari, itabaki mbaya. Ipeleke kwa mtu ingali mbichi, kabla haijapewa alama, na wala usimwombe akuandikie. Mwombe akuonyeshe.

Hitimisho

Tumeona kwamba vituo vya uandishi vilipata uzito mpya pale milango ya elimu ilipofunguliwa kwa watu ambao awali waliachwa nje, na kwamba watumishi wake, wenye hadhi ndogo na malipo madogo, walijiwekea sheria ya heshima ya kutoshika kalamu ya mwenziwao. Tumeisifu sheria hiyo. Tumeonyesha pia kwamba ikifasiriwa kuwa ukimya, huwafaa wale tu ambao tayari wanajua, na kuwaacha walioipa kazi hii uzito wake.

Taifa letu lilichagua kumfundisha kila mtu kusoma na kuandika, mzee kwa kijana, mke kwa mume. Kazi hiyo haikuisha siku mtu alipoweza kutia sahihi yake mahali pa kidole gumba. Inaendelea kila mara kijana mmoja anapoweza kuitazama karatasi yake na kusema, kwa haki, kwamba kila neno lililomo ni lake na kwamba anajua kwa nini limekaa hapo. Kumfikisha kijana hapo ndiyo kazi ya mkufunzi, naye astahili heshima yetu hata kama jina lake halitaandikwa popote.